Masale ya Baba na Sukari Isiyokuwapo

Gunia la sukari lililokwisha lina harufu yake: katani, utamu uliochacha kidogo, na vumbi la lori lililolileta. Harufu hiyo niliijua kabla ya kusoma, na kusoma kwenyewe sikufika mbali. Nilitolewa darasa la nne, sikurudi. Leo nina duka la jumla Kariakoo, na ukiacha Mungu, nashukuru miguu yangu. Wajukuu hunionyesha kwenye simu habari za watu wanaotuficha hiki na kile. Huniuliza, "Bibi, hivi watu wazima wanaaminije haya?" Najua wanavyoamini. Niliwaona wakiamini, na aliyeangamia alikuwa baba yangu.

Tulikaa nyumba ya Kiswahili karibu na Msimbazi, duka likiwa chumba cha mbele. Baba alitoka Kilimanjaro, mtaa mzima ukamwita Mangi, jina la machifu wa huko. Miaka hiyo sukari ilikuja kwa mgawo, nayo ilikwisha kabla foleni haijapinda kona. Watu walipanga mawe kushika nafasi, kila mtu na jiwe lake, wakaenda kusaka sabuni kwenye foleni nyingine. Wakirudi, hakuna kitu. Sasa mtu aliyechomwa na jua kutwa amkasirikie nani? Kiwanda kiko mbali. Meli iliyochelewa bandarini haina shati la kukamata. Uhaba hauna uso. Baba alikuwa nao, tena palepale nyuma ya kaunta, kila asubuhi.

Aliyeanza ni Bi Tatu, jirani yetu, mkaanga vitumbua. Simwiti mwongo. Bila sukari jiko lake lilizimika, na wanawe walilala na uji wa chumvi. Uani kwetu baba alikuwa amepanda masale, yale majani marefu ambayo kwao hupandwa mipakani na makaburini. Bi Tatu akayachungulia, akaona alichohitaji kukiona.

"Mtu gani anapanda majani yasiyoliwa wala kunukia?" aliwauliza wanawake bombani. "Ile alama, shoga. Chini pana shimo la sukari."

"We Tatu nawe! Njaa hiyo!" mmoja akamcheka.

"Cheka tu. Mimi sidanganyiki."

Tangu siku hiyo, mwanamke aliyekuwa akirukwa hata zamu ya maji akawa anapishwa na kuletewa kigoda. Jiko lilikuwa limemnyima heshima, siri ikamrudishia. Waliomcheka nao wakageuka: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo naichukia mpaka leo.

Baba alipoona hasalimiwi, akafanya jambo la kwao. Uchaggani ukikosana na mtu unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, yamekwisha, kulikataa ni aibu kubwa. Akavaa koti lake la kanisani, akaenda na jani mkononi mpaka barazani kwa Bi Tatu.

"Dada yangu, nimekuja kwa amani."

Bi Tatu akaliona fundo, akaruka, kigoda kikaenda kule. "Kanifunga! Jamani, Mangi kanifunga, mimi na wanangu!"

Kwa watu wa pwani, kitu kilichofungwa fundo na kuletwa mlangoni si salamu, ni uchawi. Baba alisimama na jani lake, hajui hata alichokosea.

Siku ileile balozi wa nyumba kumi akaja na vijana wenye majembe. "Chimbeni," baba akawaambia. Alidhani macho yatanyamazisha maneno. Wakang'oa masale, wakachimba mpaka maji yakachuruzika. Mizizi tu na vigae. Mimi nikashusha pumzi, nikajua tumepona. Bi Tatu akainama juu ya shimo, akatikisa kichwa polepole.

"Mnaona alivyo mjanja? Kahamisha."

"Kahamisha!" wakaitikia. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Nilikuwepo, liliharibika. Tungekutwa na gunia moja, wangetuhukumu kwa gunia moja. Kwa shimo tupu walituhukumu kwa magunia yote waliyoweza kuyawaza.

Duka likakatwa kwenye mgawo. Baba akarudi kwao, akafa bila kuukanyaga tena mji huu. Mimi na mama tukabaki kutembeza ndizi sokoni, shule ikaishia hapo. Na mtaa je? Ulikosa duka, ukawa unatembea hadi Magomeni kupanga mawe. Huko nako sukari haikuwapo. Wakasema Mangi kaondoka nayo.

Leo sukari imepangwa dukani kwangu hadi darini, na hakuna anayeuliza imetoka wapi. Bi Tatu yu hai, macho yamefifia, huja kwa mkongojo. Mwezi uliopita alisubiri wateja wapungue, akanivuta mkono.

"Manka mwanangu, sisi sasa wazee. Baba yako hayupo, mimi naondoka. Niambie tu, ile sukari aliiweka wapi?"

"Haikuwapo, Bi Tatu."

Akanitazama kwa huruma, akanipigapiga kiganja.

"Haya, mama. Siri ya mzazi haitolewi. Umelelewa vizuri."

Nikampimia kilo yake.