Aliyekataa Kushuka Melini

Iko asubuhi moja, mwanangu Kioko, ambayo hata leo nikiifikiria naketi wima. Nataka nikusimulie. Najua uko hapo chini kwenye besimenti yangu, ngazi chache tu kutoka hapa jikoni, na mimi nakurekodia sauti kwenye simu kama vile uko Machakos. Nifanyeje? Nikikuita unajibu, "Nakuja, Mama," halafu huji. Nikiteremka unageukia ukutani. Basi sikiliza sauti. Magoti yangu yamechoka, lakini mdomo bado una nguvu.

Ujumbe wako wa jana nimeusoma. Umeniandikia, "Mama, nimeamua kurudi. Mimi ni klinikal ofisa, si mtu wa kufuta watu." Mimi ni dada mkubwa wa mama yako. Nilikushika siku uliyozaliwa, na nikakufuta, tena si uso. Kwa hiyo hilo la kufuta watu tuliweke kando kidogo, tutalirudia.

Nilipofika huku Minneapolis nilikuwa msichana bado, kiuno kipo, kiburi kipo. Nyumbani nilikuwa sista. Nilikuwa na wodi yangu ya akina mama, na nikiingia mlangoni hata madaktari wanapunguza sauti. Nikaja nikifikiri nitashuka kwenye ndege nivae yunifomu. Wee! Bodi ya wauguzi ikaniambia nisome tena masomo fulani, nifanye mtihani wao, na kwa wakati huo ninachoweza kufanya ni kazi ya CNA, ile ile unayoikataa wewe, ya kuosha wagonjwa na kuwavisha. Nikasema hapana. Nikakaa. Nilikaa kwa rafiki yangu Ndinda, kwenye apatimenti yake kule Fridley, nikiangalia theluji dirishani na kungoja bodi ibadili mawazo.

Ndinda hakunisumbua. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila siku alitoka kwenda kumhudumia ajuza mmoja Mzungu nyumbani kwake, akirudi ananipikia, mimi nakula. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi hiyo ninayokwambia, hita ya jengo letu iliharibika. Ukuta ulikuwa baridi kama friji. Ndinda akanitupia koti, akasema, "Amka twende kazini kwangu. Sitaki kurudi nikukute umekauka hapa kama omena." Nikaenda, kwa sababu ya baridi tu, si kwa sababu nyingine.

Ajuza mwenyewe aliitwa Ilona. Alikuwa na nyumba ndogo upande wa kaskazini-mashariki ya Minneapolis, karibu na mto, na kiti chake kilikuwa dirishani ili auone Misisipi. Siku hiyo mto ulikuwa umeganda pembeni, katikati maji meusi yanapita. Bibi Ilona alizaliwa Ulaya, kando ya mto mwingine mkubwa, Danubi, na Kiingereza chake kilikuwa kizito, lakini akili ilikuwa kali kuliko wembe mpya. Nilimsalimu, nikaketi kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, koti nimelifunga mpaka shingoni.

Ndinda akaanza kazi. Akamlisha uji wake, akamchania nywele. Bibi Ilona hakuwa anamtazama Ndinda. Alikuwa ananitazama mimi.

"Yule mbona hajavua koti?" akamuuliza Ndinda.

Nikajibu mwenyewe. "Sikai. Ninarudi kwetu."

"Kwenu ni mbele au ni nyuma?"

Swali gani hilo? Nikakasirika. Nikamwambia kwamba mimi ni nesi kamili, nilikuwa na wodi nzima chini yangu, bodi imeninyima yunifomu, na siwezi kuja nchi ya watu kuosha wazee kama kijakazi. Nilisema hivyo, Kioko, Ndinda akiwa amesimama pale na chanuo mkononi. Ndinda, ambaye kwao alikuwa mwalimu wa sekondari, mwalimu wa hesabu, wanafunzi wake wengine ni maprofesa sasa. Aliendelea kuchana nywele, polepole, na mimi nikatamani sakafu ipasuke inimeze.

Bibi Ilona akainua mkono kunizuia nisiongeze lingine. Akaanza kunisimulia habari za bibi wa bibi yake, aliyeitwa Terezia, na kaka yake Terezia, Jozefu.

Zamani hizo, alisema, meli za moshi zilikuwa jambo geni kabisa pale Danubi. Kabla ya meli hizo, ukitaka kusafiri unapanda mashua na kuliachia maji, na mashua ikitakiwa kurudi juu inavutwa kwa kamba na farasi wanaotembea ukingoni. Mara likaja dude hili la chuma na mbao lenye magurudumu ubavuni, linapiga maji na kutoa moshi. Farasi walikata kamba wakakimbilia mashambani. Watu walitoka makanisani misa haijaisha. Wanawake waliosafiri juu ya sitaha walifungua miavuli, na si kwa sababu ya mvua, ni cheche kutoka kwenye bomba la moshi, na hata hivyo walishuka na nguo zina matundu. Lakini kila mtu alitaka kupanda. Ukipanda meli ya moshi, wewe si wa kawaida tena.

Terezia alikuwa anamfuata mchumba wake aliyepata kazi ya useremala mji wa mbali, karibu na Bahari Nyeusi. Kaka yake Jozefu alimsindikiza, naye pia alikuwa ameahidiwa kazi huko huko, ukarani wa bandari. Jozefu alishonewa koti jipya kwa ajili ya safari. Akakata tiketi ya kabini. Akasimama sitahani na koti lake, anawapungia mkono watu wanaolima.

Sasa, mwanangu, ule mto kuna mahali unapita katikati ya milima, na hapo miamba imejificha chini ya maji. Meli kubwa ya siku zile haikuweza kupita. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa huu: meli ikikaribia pale, nahodha anapiga kengele, abiria wote wanashuka. Mabegi yanapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Mwenye nguvu anatembea kwenye tope kando ya mto, asiye na nguvu anakaa juu ya mizigo. Ukishapita miamba yote, unakuta meli nyingine ya moshi inakungoja upande wa pili, unapanda, unaendelea mpaka baharini. Ndiyo ilikuwa safari. Hakuna aliyefika kwa meli moja.

Kengele ikalia. Terezia akakunja sketi, akabeba mto wake wa kulalia, wa manyoya, kichwani, akashuka. Jozefu akabaki.

"Shuka," Terezia akamwambia kutoka chini.

"Mimi nina tiketi ya kabini," Jozefu akasema. "Sikupanda meli ili nitembee na ng'ombe."

Nahodha akamweleza. Jozefu akasema atangoja, maji yatajaa, meli itapita. Akakaa kwenye benchi la sitahani, koti limefungwa mpaka shingoni. Terezia aliita mpaka sauti ikakauka. Mkokoteni ukaanza kuondoka na begi lake liko juu. Ikabidi achague, na akachagua kufuata mkokoteni, huku analia.

"Unajua nini kilimpata Jozefu?" Bibi Ilona akaniuliza.

Nikasema pengine alizama.

"Kuzama wapi! Hakulowa hata kiatu. Meli ilipakia abiria wa kupanda juu, ikageuza, ikamrudisha kwao. Alikula vizuri njia nzima. Na mpaka anaingia kaburini alikuwa akiwaambia watu kwamba ule mto ni mbaya."

Ndinda alicheka. Bibi Ilona hakucheka. Alininyooshea kidole, kidole chenyewe kimepinda kwa baridi yabisi, akasema, "Terezia alifika na tope mpaka hapa kiunoni. Mimi nimetoka kwenye tumbo la wale waliotoka kwenye tumbo lake. Hapa Amerika nami nilianza kwa kufua mashuka ya hoteli, na kwetu nilikuwa mshona kofia wa kutegemewa. Sasa wewe unaketi mlangoni pangu na koti la Jozefu. Bodi yenu hiyo imeshapiga kengele. Unangoja maji yajae?"

Nakwambia kweli, Kioko, nilisikia moto usoni. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi siku zile. Lakini nilimtazama Ndinda na chanuo lake, nikaona kwamba huyu mwenzangu alishuka zamani, tena kimyakimya, na ndiye aliyekuwa akinibeba mimi juu ya mizigo.

Nikasimama. Nikavua koti, nikalitundika. Nikakunja mikono ya sweta, nikamwambia Ndinda, "Nipe mimi hizo nywele nizioshe." Nikamwosha Bibi Ilona kichwa kwenye sinki la jikoni lake, na yeye akinipigia kelele kwamba maji hayajapata moto, na mimi nikimwambia anyamaze asije akameza sabuni. Mkono wangu ulikuwa ni ule ule wa wodini. Hakuna ulichopungukiwa.

Wiki iliyofuata nilianza mafunzo ya CNA. Sikudanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Niliitwa majina na wagonjwa waliochanganyikiwa, nikatapikiwa, nikasoma vitabu kwenye basi kutoka kazini Richfield macho yakijifunga yenyewe. Mtihani wa bodi ukaniangusha. Nikalia siku nzima, kesho yake nikafungua kitabu upya. Kila nilipotaka kukaa chini na kungoja, nilimwona yule bwana kwenye benchi, nikainuka. Mtihani wa pili nikapita.

Bibi Ilona hakuiona siku hiyo. Alikuwa ametangulia. Nilipopata laiseni yangu ya uuguzi niliendesha gari mpaka mtaa wake, nikakuta nyumba ina wenyewe wapya na mlango umepakwa rangi nyekundu. Nikalia ndani ya gari. Iliniuma sana, inaniuma hata sasa ninapoongea. Kisha nikapangusa macho nikaenda kazini, maana shifti haingoji mtu, na nikafanya kazi ya uuguzi katika mji huu mpaka waliponipigia makofi ya kustaafu.

Haya, turudi kwako.

Kwanza nikuondolee wasiwasi. Kurudi nyumbani si dhambi. Kama umekaa ukapima, ukaona moyo wako uko Machakos, kuna wagonjwa wako na mama yako, niambie hivyo ukinitazama machoni. Nitakupikia chapati za safari, nitakupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe, na sitakusema kwa mtu. Lakini Jozefu hakurudi kwa kupenda. Jozefu alirudishwa, akiwa amekaa. Na wewe, mwanangu, tangu theluji ianze mpaka imeyeyuka umekaa hapo chini na lile koti lako jeupe la hospitali umelitundika nyuma ya mlango, unalitazama. Wewe hujaamua kurudi. Wewe umekataa kushuka, na sasa meli inageuza.

Nasaha yangu ni hii, na naisema waziwazi usije ukasema Mama alizungukazunguka. Elimu yako haiishi kwa sababu umeshika beseni. Kazi ya chini ukiijua ni ya kuvukia, haikushushi. Kinachomshusha mtu ni kungoja mahali ambapo kengele imeshalia. Ukiambiwa njia hii haipiti, uliza inayopita ni ipi, kisha ifuate, hata kama ni ya tope, hata kama wadogo zako wanakuona. Usimdharau anayetembea na ng'ombe, kwa sababu huyo ndiye atakayefika. Na ukifika kule upande wa pili, ukipata yunifomu yako, ukimkuta kijana amekaa mlangoni hajavua koti, usimcheke. Msimulie.

Kesho kuna darasa jipya la CNA kule Anoka, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Ndinda. Ndiyo, Ndinda yule yule, siku hizi yeye ndiye meneja wa pale. Amekuwekea nafasi. Ameniambia, "Mlete, mimi sina haraka naye. Nilikungoja wewe, nitamngoja na yeye." Nitawasha gari kabla ya jua. Sitapiga honi, sitakuita. Kofia yako ya baridi nimeitundika kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Koti jeupe liache pale pale lilipo. Hilo ni la meli ya pili.

Mungu wa mama yako na wangu akutie nguvu za miguu, akupe tumbo gumu na moyo laini. Mikono yako isiwe na kinyaa kwa mtu aliyeumbwa na Yeye. Tope likukute, lakini lisikushike. Na ukifika, Kioko, nikiwa hai uje nikuone, na nikiwa nimetangulia upite mtaa huu, ulie kidogo ndani ya gari, kisha uende kazini.

Nimemaliza. Panda ngazi hizo, mwanangu, ushuke melini.