Nani Aligonga Maji Siku ya Mazishi?

Ko. Ko. Ko.

Niliisikia kabla sijaona chochote. Macho nimeyafumba, hedifoni zimenibana hadi masikio yanauma.

Ko. Ko. Ko.

Nikafumbua macho, nikatazama tarehe kwenye skrini. Nikaitazama tena.

Sauti ile ilinaswa chini ya maji, ghubani, saa mbili kasoro asubuhi ya siku ileile. Na saa mbili kasoro asubuhi ile, kila mwenye boti katika ghuba ile alikuwa amesimama pamoja nami, kimya, tunasubiri marehemu atolewe ndani.

Boti zote zilikuwa nchi kavu. Nilizipita kwa miguu yangu.

Sasa nani alikuwa anagonga maji?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, la sivyo mtaniona mwehu.

Nilikuwa nchi ya watu, huo ukiwa mwezi wangu wa tano, najitolea kwenye kituo cha kulinda viumbe wa baharini. Najua mnavyoniwazia: nimekumbatia kasa, napiga picha na pomboo. Hata dada yangu aliwaza hivyo. Alinipigia simu akauliza, "Umeshaogelea na pomboo wangapi?"

"Sijamwona hata mmoja."

"Sasa huko unafanya nini?"

"Nahesabu ko."

"Unahesabu nini?"

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Mimi sikucheka. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye meza nne, feni mbovu na dirisha lisilofunguka, nasikiliza kinasa sauti kilichotegwa ghubani. Pomboo walikuwa wanaihama ghuba, mwaka hadi mwaka. Na kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, kinasa kilileta mlio uleule.

Jibu lilikwishapatikana kabla sijafika: wavuvi wanapiga maji kwa miti ili kuwaswaga samaki waingie nyavuni, na jambo hilo limekatazwa. Ko moja, kosa moja. Mimi nilipewa kile kidude cha kuhesabia, cha kubonyeza kwa dole gumba. Nabonyeza mchana kutwa, jioni naandika jumla, narudi nyumbani kichwa kizito kama nimebebeshwa gunia.

Kituo kizima waliniita Masikio, kwa sababu nilimaliza rekodi za siku nzima wakati wenzangu wako nusu.

Siri yangu naitoa leo. Nilikuwa nazisikiliza kwa kasi maradufu.

Yaani sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nabonyeza. Na nilijivunia, msinione hivi.

Kilichonikera ni kimoja tu. Kituo kilikuwa kimenipangia chumba kwa mama mmoja fundi wa nyavu. Mumewe mvuvi. Mwanawe mkubwa, tuliyemwita Nahodha, mvuvi pia. Asubuhi nakunywa chai mezani kwao, mchana nawahesabia makosa.

Nikajiambia kazi ni kazi.

Mama hakuwahi kuniuliza lolote. Nikiingia jioni husema tu, "Mgeni wangu, umerudi? Mbona macho yamekuingia ndani kama ya mzee?"

"Uchovu, mama."

"Uchovu wa kukaa? Haya, njoo ule."

Mumewe alikuwa hajiwezi, miezi mitatu kitandani. Alipofariki, hakuna aliyeingia majini. Nahodha mwenyewe alizunguka boti hadi boti kuwapa taarifa. Tangu alfajiri uwanja wa nyumba ulijaa watu, mimi nabeba viti. Saa mbili tukazika.

Mchana nikarudi kituoni. Sikupenda, ila Daktari, mtafiti mkuu wetu, alikuwa anasubiri jumla ya mwisho. Jumatatu kulikuwa na mkutano wa kamati ya kuamua hatima ya ghuba. Ripoti ikipita, ghuba ingefungwa miaka mitano. Hakuna boti, hakuna wavu. Kwa nyumba ile niliyolala, maana yake ilikuwa hakuna chakula.

Ndipo nikaisikia ile ko.

Naapa, wazo la kwanza lilikuwa la marehemu. Nikasema mzee amekwenda kuvua mara ya mwisho. Chekeni tu. Nyinyi hamkuwemo kwenye kile chumba.

Nikarudisha kasi ya kawaida. Mara ya kwanza ndani ya miezi mitano. Sikubonyeza. Nikasikiliza.

Sasa, mimi huandika mashairi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kuhesabu mizani kwa vidole juu ya paja, na vidole vyangu mpaka leo havijui kutulia. Vikaanza vyenyewe.

Nane. Pumziko. Nane. Pumziko. Nane.

Nikasikiliza saa nzima. Haikutokea saba. Haikutokea tisa.

Binadamu hawezi. Mkono huchoka, pua huwasha, mtu hupiga chafya. Hata marehemu, kwa heshima zote, angekosea mizani mara moja.

Ile ilikuwa mashine.

Nikavua hedifoni nikatoka. Nyuma ya kituo kuna pampu inayovuta maji ya bahari na kuyaingiza kwenye matangi ya kasa waliojeruhiwa. Fundi wa pampu alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai.

"Fundi, hii pampu huwashwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu nazima. Kwani kasa wamelalamika?"

"Huwa inagonga?"

Akashusha kikombe. "Bomba lake linaishia ghubani. Kule chini kuna vali, na mpira wake umekwisha. Ikivuta, chuma kinapiga bomba. Inavuta kidogo, inapumzika, inavuta tena."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoiweka hapa, ilikuja na mpira mkuukuu. Miaka minne. Mpira wenyewe saizi ya bangili. Nimeandika kwenye daftari la matengenezo mpaka nikachoka. Daftari lile linasomwa na mende peke yao."

"Na hukuwaambia kwa mdomo?"

"Niwaambie kina nani? Nyie wote mmevaa mahedifoni."

Nikamwomba aiwashe. Nikakimbia chumbani, nikasikiliza kinasa moja kwa moja. Ko nane, pumziko. Nikachungulia mlangoni, nikampungia mkono azime. Kimya. Washa. Ko nane. Zima. Kimya. Tukafanya hivyo mara sita, fundi ananitazama kama mtu aliyepigwa jua.

Miaka minne. Miaka ileile pomboo walipoanza kuhama.

Tulikuwa tunawafukuza wenyewe, kwa pampu ya kuwaokoa kasa, halafu tunawaandikia wavuvi makosa. Na mwandishi ni mimi.

Nikaenda kwa Daktari. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Mvi zimemjaa kichwani kwa ajili ya ile ghuba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akajikanda paji la uso.

"Una hakika?"

"Nimewasha na kuzima mara sita."

Akaivuta ripoti iliyokuwa mezani. Kisha akasema, "Nipe wiki mbili niichunguze. Kwa sasa tutaweka maelezo chini ya ukurasa."

"Mkutano ni Jumatatu, Daktari. Wakishafunga ghuba, nani atasoma chini ya ukurasa?"

"Miaka minne, Masikio. Miaka minne ya maisha yangu imo humu." Akaipapasa ripoti kama mtu anayempapasa mgonjwa. "Na usisahau, hesabu ya mwaka huu ni yako. Jina lako limo. Ukisimama pale, unajivua nguo mwenyewe."

Hapo alinipata. Mimi ni mtu wa kujivuna. Heri unipige kofi kuliko uniambie nimekosea mbele za watu.

Siku mbili sikusema neno.

Jumamosi jioni nilimkuta mama sebuleni, wavu mapajani, anashona. Nikamwambia apumzike, ndiyo kwanza katoka kuzika.

"Mikono ikikaa bure inakumbuka," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

"Mama, mimi ndiye ninayewahesabu."

"Unatuhesabu nini?"

"Zile sauti za majini. Ripoti ya kufunga ghuba, hesabu zake ni zangu. Na zina makosa. Nilikuwa..."

"Ah, hilo." Akakata uzi kwa meno. "Hilo najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Kabla hujaja. Kituoni nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Nikawaambia, huyo anayehesabu mleteni alale kwangu. Wewe ni wa nne."

Vidole vyangu vikahesabu: mmoja kila mwaka.

"Nilitaka anayetuhesabu awe anatuona," mama akaendelea, macho kwenye wavu. "Aone Nahodha anatoka saa ngapi na anarudi na nini. Na wewe umemwona mzee, hawezi hata kuinua kijiko, na bado mnasema maji yanapigwa vilevile. Wa kwanza alikula, akashukuru, akaondoka. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alinipiga picha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema mama anamtetea mwanawe. Ilibidi usikie mwenyewe. Nikawa nakulisha tu, nasubiri."

Nahodha alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono kifuani.

"Na mimi nisiwe muongo," akasema. "Mara mbili tatu tumepiga maji kweli, samaki walipotoweka kabisa. Lakini nimesikia mmefika elfu arobaini. Elfu arobaini, Masikio! Mkono gani huo? Si ningekuwa bingwa wa ngumi?"

Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi. Kicheko kikaenda kikageuka kilio, Nahodha akaja akamshika bega, na mimi nikabaki nautazama wavu kwa sababu sikujua pa kuweka macho.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma. Daktari akasoma ripoti kwa sauti ya mtu asiyelala. Alipofika kwenye jumla, akasita. Akanitafuta kwa macho, akaniona, akaiweka karatasi chini.

Mpaka leo naamini alikuwa amechoka kuubeba ule mzigo peke yake.

Nikasimama.

Nikasema hesabu hiyo ni yangu na si sahihi. Nikasema nilizisikiliza rekodi kwa kasi maradufu ili nionekane hodari. Nikasema siku boti zote zilipokuwa nchi kavu maji yaligongwa vilevile, na anayegonga yuko nyuma ya kituo chetu, ana swichi. Fundi wa pampu, aliyeketi nyuma, akathibitisha bila kuulizwa.

Mtu mmoja akaguna, "Masikio gani hayo?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikakimeza. Kilishuka kama jiwe, lakini kilishuka.

Mwenyekiti akashauriana na wenzake, akatangaza kwamba ghuba haifungwi mpaka hesabu irudiwe, ya miaka yote minne.

Nawaandikia haya nikiwa nimefika kwenye rekodi za mwezi wa saba wa mwaka wa kwanza. Mpira wa vali ulibadilishwa kwa nusu saa. Pomboo hawajarudi, na sitawadanganya kwamba watarudi kesho. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Ila nina moja la kuwaambia, hasa nyie vijana wenzangu mnaofungasha mabegi kwenda kuokoa dunia ya watu: kabla hujamwandikia mtu kosa, nenda kwanza nyuma ya jengo lako, ukasikilize ni nini kinachogonga.

Siku ile ya mkutano, watu walipoanza kuinuka, mama alibaki amesimama katikati ya ukumbi.

"Na safari hii," akauliza kwa sauti, "atahesabu nani?"

Daktari akatazama chini.

"Mimi," nikasema.

"Miaka minne ya ko? Utachoka, mwanangu."

"Nimeshachoka, mama. Lakini nakuahidi mbele ya hawa wote: nitazisikiliza rekodi zote upya, kwa kasi ya kawaida, tangu siku ya kwanza. Na kila nitakaposikia mti na si chuma, sitaandika kitu mpaka nije kwako nikuulize nani alikuwa majini siku hiyo."