Kasha la Chai Sebuleni kwa Karani

Juzi mtoto wa mwalimu mkuu alinifuata darasani, akaniomba nikamfanyie kiini macho siku yake ya kuzaliwa. Kasikia kwa watu kuwa utotoni nilikuwa hodari. Nikamwambia nimesahau. Nilimdanganya, rafiki yangu. Sijasahau hata kimoja, na tangu juzi Kisarawe hainitoki kichwani. Acha nikusimulie, na unisamehe nikienda mbio. Kungoja sijui.

Tulikaa mteremkoni, upande wa misheni. Nyumba ya pili alikaa karani wa Boma na binti yake, rika langu. Asubuhi tukiteka maji pamoja, mchana tukimenya mihogo, jioni tukichoma korosho mpaka vidole vinababuka kwa mafuta ya maganda. Kwao kulinukia nazi iliyokunwa na tambuu ya bibi yake, mama wa karani. Kila nikipita bibi huyo alikuwa akiniuliza, kweli huko misheni wasichana hawawekwi ndani? Nikisema kweli, anatema mate mekundu uani, anasema ndiyo maana tunatembea kama askari.

Kwa kina bibi, msichana akivunja ungo ni mwali. Anaingia chumbani, haonwi na mwanamume wala jua, mwaka mzima, pengine miwili, mpaka achezwe ngoma na kutafutiwa mume. Na sisi wawili mwaka ule tulikuwa tumefaulu kwenda shule ya bweni. Karani na mama yake walibishana wiki nzima, wakapatana hivi: mtoto akiondoka kabla hajavunja ungo, aende, akivunja kabla, aingie ndani. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Ila binti alikuwa ameshavunja ungo miezi miwili nyuma, na aliyejua ni mimi peke yangu. Tulikuwa tukifua vitambaa vyake kisimani kabla watu hawajaamka, tukavianika ndani kabisa ya mikorosho. Miezi miwili nilitembea na siri ile kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Na zikiwa zimebaki siku tisa hizo, karani alimfanyia mwanawe sherehe ya kutimiza miaka kumi na mitatu. Aliiona kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa Boma, akaipenda. Kisarawe hakuna aliyeijua. Jirani mmoja alikuja na ubani, akauliza hitima ni ya nani. Keki ilipikwa kwenye sufuria, makaa juu na makaa chini, na kwa kuwa dukani hakukuwa na mishumaa kumi na mitatu, ukawekwa mmoja mnene. Binti alishonewa gauni jeupe. Na mimi nikaombwa kiini macho, maana mjomba wangu alirudi kutoka vitani Bama na michezo aliyofundishwa na askari wa Kihindi, akanifundisha yote.

Nilianza na yai, nikalitoa kwenye kilemba cha jirani wa ubani. Watu wakacheka. Halafu kasha. Lilikuwa kasha la majani ya chai, tuliloomba dukani, nikalikata nyuma kwa msumeno. Niliegemeza mgongo wake kwenye pazia la chumba cha bibi. Binti ataingia kashani, atatoka kwa nyuma, atapita chumbani humo, atazunguka uani, na nikimwita mara ya tatu ataingia kwa mlango wa mbele. Mpango ule ni wangu. Bibi nilimwona amekaa barazani na wageni, nikajua chumba kitupu.

Akaingia, nikafunika kanga, nikagonga kasha kwa mwiko, nikafunua. Kasha tupu. Nyumba nzima ikapiga makofi.

Nikamwita mara ya kwanza. Mara ya pili. Mzee mmoja akasema, "Kamtafute Boma, labda kaenda kuandikishwa kodi." Wakacheka tena. Nikaita mara ya tatu, na nyuma ya pazia nikasikia kigoda kinaanguka, na sauti kama ya mtu aliyezibwa mdomo.

Nilitazama barazani. Bibi hakuwepo. Alikuwa amechoka na mambo ya kizungu, akarudi chumbani kwake kutafuna tambuu. Na gauni lilikuwa jeupe, na mwezi ule siku zake zilikuwa ndizo hizo.

Nilijua saa ile ile. Karani alikuwa mlangoni na kisu cha keki, anatabasamu, anamngoja mwanawe. Hatua mbili tu ningelivuta pazia. Sikuzipiga. Nilisimama na mwiko mkononi, watu wote wananitazama, nami sina pa kwenda.

Ndipo kikapigwa kigelegele chumbani. Kimoja. Wanawake waliokaa mkekani wakakiitikia palepale, na wanaume wakaanza kutafuta kofia zao.

Karani akaniuliza mimi. "Mwanangu yuko wapi?"

Bibi akatokeza kichwa. "Yuko kwake. Mwali haonwi, hata na baba yake."

"Mama, siku tisa tu."

"Hata moja. Tulipatana."

Karani alitazama kisu chake. Halafu akakata keki, vipande vidogo vidogo, akatugawia. Tukala. Na mimi nilikula.

Siku ya kuondoka nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaongea naye kupitia tundu la ukutani. Aliniuliza kwa nini niliacha kuita. "Bibi alinishika mdomo," alisema. "Baba alikuwa mlangoni. Nilijua ukiita tena atakuja kutazama, kabla bibi hajapiga kigelegele."

Nikamwambia mchezo wenyewe ni mara tatu.

Akasema, "Haya, shoga. Lori lisikuache."

Sasa karani kahamishwa, bibi kafariki, na ile nyumba wamebomoa wakajenga ghala la korosho. Hata ile njia ya kisimani imefungwa. Hayo yote nayavumilia. Lakini mwezi uliopita nilishuka Ruvu kununua samaki, nikamkuta shoga yangu amekaa na beseni lake, mtoto mgongoni na mwingine ubavuni. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Wala hakuwa anatania.

Tumezaliwa mwaka mmoja, sisi. Lakini wanafunzi wangu huniamkia hivyo kutwa, na mdomo umeshazoea.

"Marahaba," nikamwambia.