Nyundo Nne Zilizolala Kituoni

Munyi Njuki alifika mji wa Meru mwezi wa Juni 1955 akiwa na kikapu cha katani chenye nyundo nne, na pasi ya Hali ya Hatari ya siku kumi na nne. Alikuwa Mmbeere wa Gachoka, umri wake kama miaka thelathini na minane, mrefu, mwenye kovu la moto kwenye kiganja cha kushoto. Kwenye pasi, mahali pa kutaja kazi yake, paliandikwa "fundi wa rangi". Haikuwa kweli.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari. Aliifanya miaka sita katika gereji moja ya Embu. Kabla ya hapo alishika nyundo nyumbani, kwa sababu baba yake, mzee Njuki, alikuwa mhunzi. Mwaka huo kuwa mtoto wa mhunzi lilikuwa jambo la kunyamaziwa. Ilijulikana kwamba bunduki za wapiganaji wa msituni zilitengenezwa kwa mabomba ya maji, kwa hiyo wahunzi wote waliandikwa majina. Mzee Njuki hakuwa ametengeneza kitu ila majembe na visu vya kukatia nyasi, lakini mivukuto yake, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, ilichomwa, na yeye akafungiwa miezi saba. Munyi aliposimama mbele ya karani wa pasi na kuulizwa kazi yake, alijibu rangi.

Aliyemwita Meru alikuwa Isaack Bile, Msomali mwenye malori matatu. Nyuma ya duka lake lilikaa gari la marehemu baba yake, Chevrolet ya mwaka 1929. Kwa miaka tisa lilikuwa limeegemewa na magunia ya chumvi. Injini ilikuwa imekwisha kufufuliwa. Bodi ndiyo iliyopinda, hasa mlango wa kushoto. Mama yake Isaack, Awo, alitaka kwenda Isiolo kumwona dada yake Fadumo, na alikataa kabisa kupanda lori.

"Mimi niliingia Meru nikiegemea mlango ile," alisema. "Nitatoka nikiegemea hiyo hiyo."

Isaack alimwambia Munyi wazi. "Mama akikubali mlango, nakuandikia barua ya kazi. Malori yangu yanagongwa kila mwezi. Akikataa, pasi ikiisha unarudi kwenu."

Kurudi kulikuwa na maana moja. Juu ya Kianjokoma, kando ya msitu, watu walikuwa wakichimbishwa handaki la kuwazuia wapiganaji, na mwanamume asiye na barua ya mwajiri alipelekwa huko. Munyi alikuwa amechimba majuma sita mwaka uliotangulia. Hakutaka kurudi.

Alifanya kazi siku kumi. Aliweka chuma kizito nyuma ya bati, akapiga mbele kwa nyundo, kidogo kidogo, kisha akatandaza kitambaa chembamba na kupitisha kiganja juu yake, kwa maana jicho hudanganywa na mwanga. Madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, yakanyooka. Boneti ikanyooka. Mlango ulibaki wa mwisho, na siku zilikuwa zinakwisha. Hapo ndipo alipokosea. Aliharakisha, akapiga mahali pamoja mara nyingi mno.

Siku ya kumi na mbili mlango ulikuwa laini kama sufuria mpya. Awo akaletwa. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, aliona mwanga na vivuli tu. Alichukua ncha ya mtandio wake, akaitandaza juu ya bati na kupitisha kiganja taratibu. Munyi alishangaa, kwa sababu hivyo ndivyo afanyavyo fundi. Kisha mama akabonyeza kwa kidole gumba. Bati liliingia ndani, tok! Akaliachia. Likarudi nje, tok!

"Fundi, hii mlango inaongea."

"Ni bati ya zamani, mama."

"Wacha uongo. Mimi ni wa zamani kuliko hiyo bati, na nikiguswa silii hivyo."

Isaack alicheka. "Hooyo, mama yangu, rangi ikipakwa hutaisikia."

"Rangi ni ya nyinyi wenye macho. Mimi nitaiegemea mpaka Isiolo. Unataka initukane njia yote?"

Alikwenda zake akipapasa ukuta.

Munyi alijua ugonjwa. Bati lililopigwa kupita kiasi hutanuka kama unga wa chapati chini ya mti wa kusukumia, halafu linakosa nafasi ya kukaa. Ukizidi kulipiga, linazidi kutanuka. Dawa yake ni moto. Mitungi ya gesi haikutolewa bila kibali, na kibali kilichukua mwezi. Njia nyingine aliyoijua ilikuwa ya baba yake. Kisu cha nyasi kilichopinda, mzee Njuki alikichoma doa dogo upande uliotanuka, akakimwagia maji, na chuma kikajivuta chenyewe. Lakini kufanya hivyo kulihitaji makaa na mivukuto, yaani kufungua kiwanda cha mhunzi katikati ya mji.

Alikaa juu ya debe mpaka saa ya chakula ikapita. Kisha akamwomba Isaack ngozi mbili za mbuzi, makaa na udongo wa mfinyanzi.

"Unajua unachoomba?" Isaack aliuliza.

"Najua. Na ufungue geti. Kama ni kuonekana, afadhali nionekane mchana."

Kesho yake adhuhuri Isaack mwenyewe, akiwa na fulana tu, alipuliza mivukuto iliyoshonwa kwa ngozi zile. Munyi alifunika makaa kwa kifuniko cha udongo chenye tundu moja, ulimi wa moto ukatokea hapo. Alishikilia bati juu yake mpaka doa la ukubwa wa kifungo cha koti likawa jekundu. Akaligonga polepole pembeni, akalizima kwa tambara la maji. Likafuata la pili. Alikuwa kwenye la tatu askari Muthamia alipoingia getini.

"Wewe si uliandikisha rangi?" Muthamia aliuliza. "Rangi gani hii inapulizwa na ngozi ya mbuzi?"

"Afande, nipe dakika moja. Nikiiacha sasa itatoboka."

"Nikupe dakika utoroke?"

"Askari," alisema Awo, aliyekuwa amekuja kusikiliza kazi, kutoka kwenye kigoda chake, "mimi naona jua kidogo tu, na hiyo kidogo umeziba. Sogea."

Muthamia akasogea. Munyi alimaliza madoa matano, akaacha bati lipoe, akamwita mama. Awo alibonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa ngumi. Kimya.

"Sasa imenyamaza," alisema. "Barua yake iandikwe."

Muthamia naye alibonyeza, kama mara kumi. Kisha akamshika Munyi mkono, akamleta kituoni.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa stoo hapo, na ndiye niliyetafsiri. Inspekta aliuliza nani aliyemfundisha.

"Baba yangu. Ni mhunzi. Kwenye pasi nilidanganya."

Inspekta alisoma mara mbili barua ya kazi iliyoletwa na Isaack, akamgeukia Muthamia.

"Bwana, hiyo mlango ilikuwa inalia," Muthamia alisema. "Sasa hailii. Sikuona bunduki."

Uamuzi ulikuwa huu. Pasi igongwe muhuri wa kuongezwa muda. Nyundo zichukuliwe stoo kila asubuhi kwa sahihi, zirudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mivukuto isitoke bila askari. Niliandika kitabuni: nyundo nne, mivukuto jozi moja; na mahali pa kutaja kazi yake nikanakili kama pasi ilivyosema.

Awo alikwenda Isiolo na kurudi. Munyi alifanya kazi kwa Isaack miaka minne na nusu, na nyundo zake hazikulala nje ya kituo hata siku moja. Moto ulipohitajika, alitumwa Muthamia, na kwa kuwa alichoka kusimama bure, alijifunza kupuliza.

Januari 1960 Hali ya Hatari ilipoondolewa, Munyi alikuja kuchukua vitu vyake visirudi tena. Alizihesabu nyundo, akatia sahihi. Hakuondoka.

"Karani, nionyeshe ukurasa wa kwanza."

Niliufungua. Aliweka kidole kwenye "fundi wa rangi".

"Hiyo irekebishwe."

Nilikata kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake "mhunzi", nikatia tarehe. Aliniomba nimsomee kwa sauti. Nikasoma. Akainua kikapu chake, akatoka.