Uyoga Wenye Shela

Mpaka rangi wa magari alistaafu akiwa na mikono imara na pua iliyokufa. Miaka thelathini ya kupuliza rangi na kuvuta mvuke wa thina bila kuziba uso, pua gani ingestahimili? Mkewe, mfumaji wa vitambaa vya meza, ndiye aliyekuwa pua ya nyumba: maziwa yamechacha, shuka halijakauka vizuri, nenda kaoge. Kisha kiharusi kikampiga mama wa watu, na kwa miezi mitatu hakutamka neno. Daktari alisema ulimi ni mzima, sauti itarudi ikitaka. Mzee aliisubiri kama mgeni aliyeahidi kuja bila kutaja siku. Upweke ulimzidi hata akaanza kuongea na birika.

Asubuhi moja, umande haujakauka, aliona bustanini, penye majani yaliyooza, kitu kama yai kimepasuka. Humo uyoga ulikuwa unapanda, taratibu, kama vile unaota ndoto. Akachuchumaa. Chini ya kofia yake ya kijani iliyokolea shela ikaanza kushuka, nyeupe, tundu baada ya tundu, mpaka ikagusa ardhi. Hakujua amekaa hapo muda gani. Aliona kama mikono ya mkewe iko huko chini ya udongo, inafuma. Inzi walikuwa wengi mno, lakini inzi nao huwa hawakosi kwenye shughuli.

Akaukata, akautia kwenye glasi ya maji, akauweka mezani, karibu kabisa na mto wa mgonjwa.

"Mama watoto, hebu ona kazi hii. Leo umepata mshindani."

Mkewe akaitazama ile shela. Macho yakatembea juu ya matundu kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. Halafu pua ikakunjamana, midomo ikatetemeka.

"Baba watoto," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "umeleta mzoga ndani."

Mzee akashika ukingo wa meza. "Umesemaje?"

"Mzoga. Toa."

Alifurahi mno. Mwenye adabu angeutoa mbio. Yeye akavuta kiti, akakaa, akaisogeza glasi karibu zaidi.

"Huu ni uyoga tu, mke wangu. Mbona mimi sisikii harufu?"

"Wewe? Lini... uliwahi kusikia?"

Machozi yalimtiririka mzee, lakini aliendelea kubisha, ili mkewe asinyamaze tena.