Kauthar, maiki na kokoto za mzee Manyanda

Saa tisa na nusu alasiri, katika uwanja wa vumbi wa Misunkumilo, Kauthar Msabaha anaipuliza maiki mara mbili, anaweka sawa ushungi wake, kisha anamgeukia mzee aliyeketi kushoto kwake. Mzee anapapasa mfuko wa kulia wa koti lake. Umejaa kokoto.

"Baba Bernadetha, uko tayari?"

"Niko tayari, mama. Wewe sema tu, mimi nahesabu."

Leo ni fainali ya netiboli ya vyuo, Walimu dhidi ya Manesi, kama mashabiki wanavyowaita. Kwa Kauthar, mwenye miaka 41, mechi hii ndiyo itakayoamua kama ataendelea kutangaza. Kamati ya michezo imeshamwambia bila kumung'unya maneno: yakija malalamiko mengine ya upendeleo, msimu ujao maiki inakwenda kwa mtu mwingine.

Siku za kawaida hutangazia maduka ya nguo mjini Mpanda, spika ikiwa juu ya guta la matairi matatu. Mtoto akipotea gulioni, watu humkimbilia yeye kwanza. Kwa mechi ya vyuo hulipwa Sh20,000 na soda moja, na anakiri kwamba hata soda isipokuwepo angekuja.

"Dukani nasema vitu vya watu. Hapa nasema yaliyo moyoni mwangu," anasema huku akicheka.

Maneno yalianza msimu huu. Sabrina, mfungaji wa Manesi, ni mtoto wa dada yake Kauthar, na mji mzima unajua. Kwenye vijiwe vya kahawa watu wakagawanyika. Wapo walioapa kwamba Sabrina ndiye nyota wa mkoa, na wapo waliodai nyota huyo amepikwa na maiki ya mama yake mdogo.

Kauthar, ambaye hasira zake ziko karibu, aliwajibu katikati ya mechi, kwa maiki hiyohiyo, kwamba mwenye wivu akanywe maji alale. Ndilo lililomfikisha mbele ya kamati.

Kisha, Jumatatu moja, Manyanda Luhende akamfuata dukani. Ni mfugaji wa Majimoto, na binti yake Bernadetha ndiye mlinzi wa goli la Walimu. Alisalimia vizuri, akakaa, akamwaga mezani malundo mawili ya kokoto.

Jioni ng'ombe wanapoingia zizini, Manyanda huhamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto kwa kila anayepita mlangoni. Safari hii alikuwa amehesabu majina yaliyotajwa kwenye maiki, Walimu na Manesi walipokutana mara ya mwisho. Lundo la Sabrina lilikuwa na kokoto thelathini na nane. La Bernadetha, mbili.

"Na moja kati ya hizo ni pale alipoanguka," alisema. "Mama, mimi sikuja kugombana. Nauliza tu, huyu mwanangu uwanjani alikuwepo au hakuwepo?"

Swali halikuwa la bure. Makocha wanaochagua timu ya mkoa hukaa mbali, upande wenye kivuli, na majina huyasikia kwenye maiki.

Kauthar aliitafuta video ya mechi ile kwenye simu, akaizima sauti yake mwenyewe, akaitazama mara tatu. Akamwona msichana mrefu akipokonya mipira kumi na moja, na hakuna aliyemtaja.

"Niliona aibu, sikufichi," anasema. "Kumbe hata mlinzi wa Manesi sikumsema. Mimi nilikuwa nasubiri magoli tu. Lakini Sabrina nilimzidisha, hilo nalo nalikubali."

Akampigia Manyanda simu, akamwomba akae naye siku ya fainali. "Ukiona naegemea upande mmoja, nigonge bega."

Sasa imebaki dakika moja na matokeo ni 31 kwa 31. Sabrina anaupata mpira chini ya pete, mahali ambapo huwa hakosi. Anarusha. Mkono mrefu unatokea juu, mpira unabaki mkononi.

Kauthar anaivuta maiki karibu. Mara spika zinalia.

"Bernadethaaa! Bernadetha Manyanda wa Majimoto! Amemnyima Sabrina wangu!"

Uwanja mzima unaangua kicheko kwa hilo "wangu." Kabla kicheko hakijaisha, Walimu wamefunga upande wa pili na filimbi imelia.

Sabrina anakuja mezani na jasho lake, amenuna nusu. "Mamdogo, si ungeninyamazia hata kidogo?"

"Kwani nilikuzuia mimi?" Wanakumbatiana.

Ng'ambo ya uwanja, kocha wa timu ya mkoa anamfuata Bernadetha. Hana haja ya kumuuliza jina.

Mwenyekiti wa kamati naye anapita, anaipapasa spika. "Msimu ujao usichelewe," anamwambia Kauthar, na furaha ya mama huyu haifichiki. Tayari ana mpango wa kutafuta maiki ya pili, ili kila upande wa uwanja uwe na mtu wake wa kuusemea, na ameanza kumfundisha jirani yake Dorotea.

"Kwenye kahawa waendelee kubishana nani nyota," anasema. "Mimi nataka wabishane wakiwa wamewasikia wote."

Halafu anakumbuka. "Baba Bernadetha, kokoto ngapi?"

Manyanda anaingiza mkono mfuko wa kushoto, anatoa tatu. Wa kulia bado umejaa.

"Nisamehe, mama. Baada ya hizi nilisahau kuhesabu. Nilikuwa namwangalia mwanangu."