Jumapili Niliyoichagua Mwenyewe

Bendi ilipotangaza kwamba inavunjika, tulikubaliana kwenye kundi letu la simu kila shabiki aandike kumbukumbu anayoipenda kuliko zote. Zikaanza kuingia. Mmoja alikumbuka mvua ya Nakuru, jinsi mwimbaji alivyovua viatu akaimba miguu mitupu huku sisi tumejifunika viti vya plastiki vichwani. Mwingine alikumbuka Eldoret, umeme ulipokatika katikati ya wimbo na mpiga ngoma akaendelea peke yake mpaka jenereta ikanguruma. Mama mmoja wa Thika aliandika kwamba alimpata mumewe kwenye foleni ya choo cha uwanjani, na kwamba hadi leo mume huyo hajui maneno ya wimbo hata mmoja.

Yangu ilisubiriwa kwa hamu, maana mimi ndiye niliyehudhuria maonyesho mengi kuliko wote. Nilichelewa kuandika. Kumbukumbu ninayoirudia zaidi ni ya onyesho ambalo sikuliona.

Niliacha shule kidato cha pili. Karo ilikuwa shida, lakini kusema kweli nilikuwa siwezi kukaa mahali ambapo maswali yana ratiba. Nikazunguka. Nilipasua mawe kwenye machimbo ya Tabaka, nikapakia ndizi kwenye malori, nikamshikia fundi wa redio tochi kwa miezi mitatu ili nione ndani ya redio kuna nini. Siku moja, huko Kericho, nilipita nje ya ukumbi nikasikia gitaa likilia kama bati linalokatwa kwa msumeno. Niliingia kuuliza ni kitu gani kile. Fundi mitambo wa bendi alikuwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa. Nikamuuliza kwa nini maiki inapiga mluzi ikikaribia spika. Badala ya kunijibu alinipa waya nishike.

Tangu siku hiyo nikawafuata. Sikuajiriwa na sikufukuzwa. Nilipewa chipsi na nafasi ya kulala juu ya masanduku ya spika ndani ya gari lao. Nilijifunza kukunja waya: mzunguko mmoja juu, wa pili unaugeuza kwa chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. "Waya una kumbukumbu," fundi aliniambia. "Ukiukunja vibaya leo, kesho utakusokotea mbele ya watu."

Kwetu, kwenye vilima vya Nyamira, hakuna aliyeelewa nilikuwa nafanya nini. Mama yangu alipofariki nilifika mazikoni moja kwa moja kutoka barabarani, nimevaa fulana nyeusi ya bendi. Majirani waliniambia nimefanya vizuri kuvaa nyeusi. Nilipogeuka wakaona fuvu la kichwa mgongoni, na mama mmoja akanifunga leso mabegani.

Kisha baba akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yake yakabaki machache kama ya mtu anayetuma ujumbe kwa salio la mwisho. Dada zangu wameolewa mbali. Nilirudi kwa wiki moja. Wiki ikawa mwaka na zaidi.

Sijui kuieleza ile hali kwa mtu aliyezoea kukaa. Kila asubuhi nilimwogesha, nikamnywesha uji, nikashuka shambani kuchuma chai, nikapanda na kikapu hadi kituo cha kuuzia, nikarudi kumgeuza. Njia ile ile, mawe yale yale. Nilijua jogoo wa kila boma kwa sauti yake. Jioni nilisimama pale ambapo barabara inaonekana ikishuka kwenda Kisii, nikitazama taa za magari mpaka baba aniite kwa kugonga kikombe.

Jambo alilotaka kwangu lilikuwa moja. Nilikuwa mwanamume mzima bila nyumba katika boma lake. "Nyumba," alisema, akionyesha kwa mkono wa kushoto pale chini ya migomba. Siku nyingine aliongeza: "Nikienda. Utasimama wapi?" Nikasimamisha nguzo, nikapiga fito, nikaezeka mabati. Ikabaki kukandika. Niliifanya kazi ile polepole kwa makusudi. Niliona kwamba siku nyumba itakapopata kuta, mimi ndiye nitakayekuwa ndani.

Miezi hiyo ndipo mwimbaji wa bendi aliponipigia simu. Sisi mashabiki tulikuwa tumemwomba kwa miaka waje Kisii, mimi zaidi ya wote, naye alicheka tu akisema Kisii watawaombea waokoke. Sasa alisema wanafanya ziara ya mwisho, na wamekubali.

"Lakini wewe ndiye mwenyeji," akasema. "Tuweke Jumamosi au Jumapili?"

"Jumapili," nilimjibu upesi, kwa fahari ya mtu anayeulizwa jambo analolijua. "Jumamosi vilima vyote viko kanisani mpaka jua litue. Hata asiyeamini anaogopa kuonwa na shangazi yake. Jumapili watu wako huru."

"Basi Jumapili. Na utapanda jukwaani, usikatae. Nitakuita mbele ya watu wenu."

Niliizima simu nikiwa kama nimepandishwa tayari. Nilichosahau ni jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Wanaopumzika Jumamosi hufanya kazi Jumapili. Jumapili ndiyo siku ya egesangio, kundi la majirani wanaosaidiana kwa zamu: leo kwako, wiki ijayo kwangu, na mwenye kazi haondoki bomani mwake mpaka kazi iishe. Nilikuwa nimeingia kundi hilo kwa sababu ya nyumba. Nilikuwa nimelima kwa watu, nimebeba mawe ya watu. Zamu yangu ilitangazwa nje ya kanisa Sabato iliyofuata, na aliyeitangaza ni mama mzee anayeongoza kundi, ambaye sote tunamwita Omongina kwa heshima ya umri wake. Ilikuwa Jumapili ile ile.

Nilimfuata mpaka kwake.

"Omongina, naomba tubadilishe. Mwingine achukue siku hiyo, mimi nichukue ya baadaye."

"Udongo umeshachimbwa, kijana. Kuna nini Jumapili?"

"Kuna bendi inakuja mjini."

"Ya kanisa gani?"

"Si ya kanisa."

"Basi haina haraka." Akanitazama miguu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. "Baba yako alinitumia mtu. Anataka aone kuta kwa macho yake. Wewe unataka nimwambie angoje?"

Nilirudi nyumbani.

Siku yenyewe walifika mapema, wanawake kumi na wanaume wachache, na majembe, na madebe ya maji. Baba nilimtoa nje kwenye kiti chake, nikamzungushia blanketi. Tukakanyaga udongo. Mimi nikiwa mwenye kazi niliingia kwanza, hadi magotini, nikazunguka na kuzunguka katika shimo lile huku wanawake wakinitania.

"Kanyaga, bwana harusi! Nyumba imekuja, sasa bibi yuko wapi?"

"Bibi yake ni gitaa. Atamzalia vigitaa."

"Usimcheke. Huyu amelala juu ya spika miaka yote, leo anatafuta kitanda."

Nilicheka nao. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, ikitetemeka kila mara mashabiki walipotuma picha. Jukwaa limesimama pale Nyanchwa, Kisii mjini. Watu wanaingia. Ulikuwa mchana, ukuta mmoja tu ulikuwa umekwisha, na nilijiona kama ninazibwa mle ndani ya fito.

"Sukari itapungua," nikasema kwa sauti. "Nakimbia dukani."

Hakuna aliyenizuia. Nilishuka njia mbio mpaka barabarani, ambako vijana wa bodaboda hungoja wateja. Nilimrukia wa kwanza kwenye pikipiki.

"Kisii. Haraka."

Hakuwasha. Alitazama udongo uliokauka kwenye miguu yangu.

"Leo si kwako ndiyo kuna egesangio?"

"Nitarudi sasa hivi."

"Kisii na kurudi si sasa hivi, bro. Mama yangu yuko kwako anakandika. Nikupeleke bendi, jioni aniulize mwenye nyumba alikwenda na nani, nimwambie nini?"

Nikamgeukia wa pili. Alikuwa amekwisha kuweka mikono kifuani. "Mimi shangazi yangu yuko huko. Shuka tu, ndugu." Wa tatu hata hakunitazama, alijifanya anapanguza kioo. Barabara ilikuwa wazi kabisa mbele yangu, kavu, ikiteremka, na sikuwa na njia ya kuipita. Kwa mguu ningefika usiku. Nilinunua kilo mbili za sukari nikapanda mlima.

Omongina alipokea sukari, akaipima kwa mkono.

"Umekwenda mbali kuitafuta," alisema.

Tulikuwa kwenye ukuta wa nyuma simu ilipolia. Alikuwa rafiki yangu muuza viatu vya mitumba pale Kisii, shabiki kama mimi. Nikaibana simu kwa bega, mikono imejaa udongo.

"Uko wapi wewe?" alipiga kelele. "Anakuita! Sikiliza!"

Aliinua simu juu. Nilisikia mngurumo tu, kama mawe yanayobiringika ndani ya tangi, kisha ukatulia, na sauti ya mwimbaji ikapita, nyembamba, ya mbali.

"Mtu wetu wa Kisii yuko wapi? Aliyetukunjia nyaya nchi nzima? Pandeni naye hapa!"

Watu walishangilia. Halafu wakangoja. Niliusikia ule ungojaji. Akaita tena, mara ya pili, na safari hii kulikuwa na mtu aliyepiga mluzi wa dhihaka.

"Niko hapa," nikasema ndani ya simu.

Rafiki yangu hakunisikia, simu ilikuwa juu ya vichwa vya watu. Aliyenisikia ni mama aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, akanichungulia kwa tundu lililobaki kati ya fito.

"Tunakuona," alisema. "Leta udongo, unakauka."

Nikaleta udongo. Niliuziba mwenyewe ule upenyo wa mwisho, na mwanga ukakatika mle ndani.

Walikula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, wakanywa chai, wakaaga. Jua lilikuwa bado juu ya migomba. Baba alikuwa ameketi pale mchana kutwa. Nilipokwenda kumwinua alikataa. Alitazama kuta nne, moja baada ya nyingine, kisha akanitazama mimi.

"Genda," alisema. Nenda.

Nilidhani anataka niende kumwita mtu. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha barabara.

"Bendi," akasema. "Genda."

Sikuwahi kumwambia. Omongina alikuwa amebaki akiosha masufuria, ametupa mgongo. "Nilimwambia tangu Sabato," alisema bila kugeuka. "Lakini alitaka kuta kwanza. Nenda, nitakaa naye. Urudi kabla sijalala kwenye kiti chake."

Kijana wa bodaboda aliyenikataa mchana ndiye aliyekuwa akingoja kwenye lango letu. Mama yake alikuwa amemtuma.

Tulifika uwanjani watu wamekwisha kutawanyika. Nyasi zilikuwa zimelala, zimejaa karatasi na maganda ya miwa. Wapiga vyombo walikuwa wamekwenda hotelini. Mwimbaji alikuwa ameketi kwenye sanduku la spika, viatu kando, akila hindi la kuchoma. Aliponiona alisimama, halafu akasita.

"Mbona hivi? Umetoka kuzika?"

"Nimetoka kukandika nyumba."

"Ya nani?"

"Yangu."

Neno lile nililisikia likitoka, na sikuwa na namna ya kulirudisha. Alinitazama uso, akatazama mikono, akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Wewe? Nyumba?"

"Ina kuta nne."

"Nilikuita mara mbili."

"Nilisikia."

Alivunja hindi akanipa kipande. Hakuuliza nilisikiaje. Tulikula. Nyaya zilikuwa zimetapakaa jukwaani. Niliweka gunzi chini, nikachukua wa kwanza, nikaanza: mmoja juu, mwingine kwa chini. Udongo wa nyumbani ulikuwa bado mikononi, ukawa unadondoka kwenye mbao kwa kila mzunguko. Fundi alitoka nyuma ya gari, akaniona, akachukua upande wa pili bila salamu, kama tulivyofanya katika kila mji.

Tulimaliza waya wa mwisho giza likiingia. Gari lilikuwa na nafasi juu ya masanduku, ile ile yangu, na mlango wake ulikuwa wazi. Niliutazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kule langoni mwa uwanja kijana wa bodaboda akapiga honi mara moja, kisha mara mbili. Omongina alikuwa akiningoja kwenye kiti cha baba.

Nilimkabidhi fundi waya, nikaenda kupanda pikipiki.